Kabla Hujaisambaza Hiyo Grafu

Chukua kalamu kwanza. Jumlisha 50.49 na 48.85, ongeza 0.44, halafu ongeza 0.23. Umepata 100.01? Hujakosea. Hizo ndizo asilimia za wagombea wanne wa urais wa Kenya kama zilivyotangazwa tarehe 15 Agosti 2022: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure. Siku iliyofuata makamishna wanne wa tume ya uchaguzi ya huko, IEBC, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walisimama mbele ya waandishi wa habari kueleza kwa nini hawakubaliani na matokeo hayo. Walikuwa na malalamiko mengine pia, lakini lililoshika kasi mitandaoni ni hili: jumla imezidi mia kwa asilimia 0.01, na hiyo 0.01 ni kama kura 142,000.

Sasa hapo ndipo sisi watu wa ualimu tunapotakiwa kuamka, maana yamechanganywa mambo mawili kwa pumzi moja, na yote mawili yanajibika kwa kalamu uliyoshika.

La kwanza, hizo kura 142,000. Kura za wagombea wote wanne zilikuwa 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kura 142,130. Kwa hiyo 142,000 ni asilimia moja nzima, siyo 0.01. Asilimia 0.01 ni moja katika elfu kumi, yaani kura kama 1,421. Nukta imeruka hatua mbili, basi.

La pili, kwa nini jumla imezidi mia. Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969 na Waihiga 31,987. Ukizigeuza kuwa asilimia kwa nafasi tatu za desimali unapata 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumlisha: 100.000 kamili. Sasa zikadirie kwa nafasi mbili. Ya Ruto inabaki 50.49. Ya Raila inapanda kwa 0.001, ya Wajackoyah kwa 0.004, ya Waihiga kwa 0.005 (kwa hakika yeye ana 0.22505, ndiyo maana inapanda badala ya kushuka). Jumlisha vilivyopanda: 0.010. Ndiyo hiyo 0.01 yenyewe. Hakuna kura hata moja iliyoongezeka popote, ni namna tulivyofundishwa kukadiria tangu shule ya msingi.

Hii hesabu haisemi chochote kuhusu mambo mengine yaliyobishaniwa katika uchaguzi ule. Yale yalikwenda Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo tarehe 5 Septemba 2022 ilithibitisha matokeo kwa kauli moja. Hesabu inasema tu kwamba 100.01 peke yake haikuwa ushahidi wa wizi. Lakini picha yenye 100.01 ilisafiri mbali kuliko maelezo yake, na ilisafiri katika nchi ambayo matokeo ya tarehe 30 Desemba 2007 yalifuatwa na vurugu ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Ndiyo maana nashangaa mtu akiniambia kwamba kufowadi grafu ni jambo dogo.

Nasoma ualimu wa Hisabati na Jiografia, na nyumbani ni Milanzi, Sumbawanga. Masomo haya mawili yanakutana vizuri sana kwenye matokeo ya uchaguzi: namba na ramani. Mifano nimeichukua makusudi kutoka kwa jirani na kutoka chaguzi zetu za zamani kidogo. Namba za Oktoba 2025 nimeziacha. Kuna nyumba bado zina msiba, na sioni adabu kuzigeuza mazoezi ya kuchora.

Picha isiyo na saa

Tubaki Kenya kidogo, kwa sababu uchaguzi ule wa tarehe 9 Agosti 2022 ni darasa ambalo sijaliona kwingine katika ukanda wetu. IEBC iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo kimoja kimoja, kutoka vituo 46,229. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vikaajiri watu wa kujumlisha. Wanafunzi wakajumlisha. Watu wa programu za kompyuta wakajumlisha.

Na matokeo? Saa ileile ya usiku, kituo kimoja cha televisheni kinaonyesha Ruto anaongoza, kingine kinaonyesha Raila. Watazamaji wengi waliona hapo lazima mmoja ni mwongo. Lakini wote wangeweza kuwa wakweli. Kama mimi nimeanza kujumlisha fomu za Kisumu na wewe umeanza na za Uasin Gishu, tutakuwa na washindi wawili tofauti hadi tukutane mwishoni. Fomu zilikuwa zilezile, mpangilio wa kuzisoma ndio ulitofautiana.

Hivyo grafu ya matokeo yanayoendelea kuhesabiwa ambayo haina saa na haina idadi ya vituo haijakamilika, hata iwe na rangi nzuri namna gani. "Vituo 19,000 kati ya 46,229, saa tatu usiku" ni maneno machache, lakini yakikosekana, picha uliyotuma saa tatu itakuwa bado inazunguka kesho mchana, na mtu ataiamini kana kwamba ni ya kesho mchana. Skrinishoti inaweza kusafiri bila kumbukumbu ya saa iliyopigwa. Ukitaka saa ibaki, iandike ndani ya picha yenyewe, usiiweke kwenye maneno ya chini ambayo mtu wa kwanza kufowadi atayaacha.

Hapo hapo niseme la mstari wa pembeni. Chora nguzo mbili za Ruto na Raila, 50.49 na 48.85, mstari wa pembeni ukianzia sifuri. Utaona nguzo mbili karibu zinalingana, na ndivyo uchaguzi ulivyokuwa: tofauti ya kura 233,211 katika milioni 14. Sasa chora tena, mstari uanzie 48. Nguzo ya Ruto inakuwa na urefu wa 2.49 na ya Raila 0.85. Moja imekuwa karibu mara tatu ya nyingine! Namba hazijaguswa, na hakuna uongo ulioandikwa popote. Ukiletewa grafu ya nguzo, tazama chini kwenye mguu wa mstari kabla ya kutazama juu kwenye vichwa vya nguzo.

Asilimia imeshuka, kura zimepanda

Sasa twende nyumbani. Mwaka 2010 Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 62.83. Mwaka 2015 John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Mtu wa kwanza anachora grafu ya asilimia, mstari unashuka, anaandika juu yake "CCM yazidi kuporomoka". Mtu wa pili anachora kura zenyewe: Kikwete 5,276,827, Magufuli 8,882,935. Mstari unapanda kwa zaidi ya kura milioni tatu na nusu, naye anaandika "CCM yazidi kupendwa". Wote wametumia matokeo yaleyale ya Tume. Ukiwakutanisha watatukanana hadi usiku wa manane, na kila mmoja ana namba sahihi mkononi.

Kilichobadilika katikati yao ni waliojitokeza. Mwaka 2010 walipiga kura watu 8,626,303 kati ya 20,137,303 waliojiandikisha, asilimia 42.84 tu. Mwaka 2015 walipiga 15,589,639 kati ya 23,161,440, asilimia 67.31. Keki yenyewe ilikuwa karibu mara mbili, kwa hiyo kipande chembamba kidogo cha keki kubwa kikawa kikubwa kuliko kipande kinene cha keki ndogo. Anayechora moja ya hizo grafu bila kutaja ya pili amechagua nusu ya habari. Kwa maoni yangu, ukitaka kuwa mtu wa kuaminika katika jambo hili, weka zote mbili ubavuni, hata kama moja inakuudhi. Na zaidi kama inakuudhi.

Ramani ndiyo inadanganya kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo.

Nikiwa TP, katika shule moja ya sekondari ya huku kwetu, nilikuwa na kipindi cha kusoma ramani na takwimu Kidato cha Pili. Nikawaambia wanafunzi wakate karatasi mbili: moja ya Dar es Salaam, nyingine ya Rukwa, kwa ukubwa wa eneo. Dar ina kama kilomita za mraba 1,400. Rukwa ina zaidi ya 22,000. Kwa hiyo karatasi ya Rukwa ilitakiwa iwe kama mara kumi na sita ya ile ya Dar. Watoto wakafurahi sana, mkoa wetu mkubwa. Halafu nikawapa punje za mahindi, punje moja kwa kila watu laki moja, kwa sensa ya 2022. Rukwa, watu 1,540,519: punje kumi na tano. Zikakaa kwa raha, hata kulala zingelala. Dar, watu 5,383,728: punje hamsini na nne, kwenye kikaratasi kama cha tiketi ya basi. Zikamwagika mezani. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hawa wanalala wapi?"

Swali lake ni kubwa kuliko lilivyosikika. Ramani ya matokeo inapaka rangi ardhi. Ukipaka mkoa mzima wa Rukwa rangi moja, umepaka bonde la Ziwa Rukwa, misitu ya milima ya Mbizi, mashamba ya ulezi na mahindi ya Laela, hata sehemu ambako hapiti mtu wiki nzima. Macho ya mtazamaji yanahesabu hayo yote kama kura. Kenya ni zaidi: Marsabit peke yake ina kilomita za mraba kama 70,000 na watu 459,785 kwa sensa ya 2019, wakati Nairobi ina kama 700 na watu 4,397,073. Kwenye ramani Nairobi ni kidoti, mtu anaweza kukifunika kwa kidole gumba na asijue amefunika watu milioni nne.

Halafu kuna rangi moja kuficha watu waliomo ndani. Mwaka 2020 Chadema kilipata jimbo moja tu la kuchaguliwa katika nchi nzima, na jimbo hilo liko mkoani kwetu: Nkasi Kaskazini, alikoshinda Aida Khenani. Kwenye ramani za majimbo, upande wetu ukawa na doa moja lililotuletea umaarufu ambao hatukuuomba. Watu ambao hawajawahi kuvuka Tunduma wakaanza kutueleza Wafipa ni watu wa namna gani. Lakini rangi ya jimbo inasema nani ameongoza, haisemi wangapi walimkataa. Ndani ya Nkasi Kaskazini kulikuwa na maelfu waliompigia mwingine, na ndani ya majimbo yaliyolizunguka kulikuwa na maelfu waliopigia upinzani. Ramani haikuwaonyesha. Kama huna namna ya kuchora viduara vya ukubwa tofauti kwa idadi ya kura, basi angalau andika asilimia ndani ya kila jimbo.

Na jambo la simu. Wengi wetu tuna simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kuombea. Picha haifunguki, au inafunguka kama ukungu. Tuna pia wenzetu wasioona wanaotumia simu inayosoma maandishi kwa sauti, na simu hiyo ikifika kwenye picha mara nyingi inanyamaza. Andika namba kuu kwa maneno chini ya picha. Mistari mitatu inatosha, na usiseme haina nafasi wakati umeweka vikatuni vinane vya kucheka.

Kuhusu sheria nitapita haraka, ila msipite nayo haraka ninyi. Matokeo ya urais yanatangazwa na Tume, siyo na sisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kusambaza taarifa za uongo au za kupotosha kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Bumu letu mnalijua. Sheria ya Takwimu nayo ilibanwa mwaka 2018 na kulegezwa 2019. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya sheria hizi, mimi ninayo yangu, lakini ukitaka kuchora grafu chora ya matokeo yaliyokwisha kutangazwa, andika yametangazwa na nani na tarehe gani, na jumla uliyopiga mwenyewe usiipe jina la matokeo.

Kumjibu usiyemjua

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mtu ana hoja nzuri kabisa, namba zake ziko sawa, lakini anaitoa kwa namna ambayo hata mama yake asingekubali.

Shida ya kwanza ni kwamba lugha yetu inataka kujua umri kabla ya kufungua mdomo. Kwenye daladala unamwona mtu, unajua huyu ni shikamoo, huyu ni mambo. Mtandaoni unaona picha ya ua la waridi na jina la utani. Anaweza kuwa mtoto wa Kidato cha Tatu, anaweza kuwa mkuu wa shule utakayopangiwa mwakani. Mimi nimeona "ndugu" ndilo neno linalobeba wote bila kumdondosha mtu. "Mkuu" na "kiongozi" ni maneno mazuri watu wakiwa na amani, lakini ndani ya ubishi "kiongozi" linageuka kuwa kejeli. "Dogo" ni kofi. "Wewe" mwanzoni mwa sentensi ni kofi pia, ila la mkono wa kushoto. "Dada" kwa mtu anayekueleza takwimu, wakati mwanaume aliyetangulia umemwita "mtaalamu", nalo wanawake wenzetu wanalisikia vizuri sana.

Halafu hodi. Nyumbani kwa mtu huingii ukisema "kuta zako mbovu". Unabisha hodi, unakaribishwa, unakaa, baadaye ndiyo unauliza kama ule ufa umeanza lini. Milanzi kwetu hili la wageni lina historia ndefu. Masimulizi ya kale ya Wafipa, ambayo Roy Willis aliyaandika kwa urefu, yanasema wanawake wageni walifika Milanzi chifu akiwa hayupo, wakaishia kuitawala nchi, na Milanzi ikabakiwa na heshima yake ya kale. Wazee wanaolisimulia hawalitaji kama onyo la kufunga milango. Mgeni aliendelea kukaribishwa Ufipa. Ila nadhani ndiyo maana huku mtu husalimiwa kwa kirefu kabla hajaulizwa amefuata nini.

Kwa maandishi, hodi ni mstari mmoja. Linganisha:

"Acha uongo, hizi data umepika wapi?"

"Habari ndugu. Asante kwa grafu. Naomba kujua namba za mwaka 2010 ni za waliojiandikisha au za waliopiga kura, maana nikilinganisha na za Tume naona zinapishana."

Yote mawili yanauliza kitu kimoja. La kwanza linamlazimisha mtu ajitetee mbele ya watu mia mbili, naye atajitetea hata akijua amekosea, kwa sababu sasa anatetea jina lake. La pili limempa mlango wa kutokea: anaweza kusema "kweli, ni za waliojiandikisha" na maisha yakaendelea. Angalia pia kwamba la pili limesema kwa nini linauliza. Siku hizi hata "naomba chanzo" imekuwa fimbo ya kupigia watu, kwa hiyo ukiomba chanzo eleza unataka kukifanyia nini.

Kosoa kitu kimoja, kile kizito. Wale mliosahihisha madaftari mnajua: mtoto akirudishiwa ukurasa umejaa wino mwekundu hasomi hata alama moja. Grafu ina mstari ulioanzia 48, haina tarehe, rangi zinachanganya, na jina la jimbo limeandikwa vibaya? Sema la mstari. Mengine yatajirekebisha au yatasubiri.

Kama aliyetuma ni baba yako mdogo kwenye kundi la ukoo, usimsahihishe mbele ya watoto wa kaka yake. Mfuate pembeni: "Shikamoo baba. Ile picha ya jana nimeiangalia, jumla yake inazidi mia kwa sababu ya makadirio tu, nimekuandikia hesabu hapa." Nimeona mara nyingi mzee akirudi mwenyewe kundini kusema "vijana wananiambia ile hesabu ni hivi", na akawa mwalimu kuliko wewe. Lakini kuna taarifa ambayo haisubiri pembeni, kama picha inayosema kituo fulani kimefungwa au kura zimehamishiwa siku nyingine. Hiyo ijibu palepale, ila lawama iangukie picha: "Hii picha imefika kwa wengi leo, siyo kweli, tangazo lenyewe hili hapa."

Utani wa kwetu nao. Ukishajulikana unatoka Sumbawanga, komenti ya pili au ya tatu lazima iwe ya uchawi: huyu usibishane naye, utapigwa radi mchana kweupe. Jina lenyewe la mji maana yake ni kutupa uchawi, lakini nani ana muda wa kusikiliza hilo. Mimi nacheka mara moja na kurudi kwenye hoja: "Radi iko njiani, ila kabla haijafika niambie vituo vingapi vimehesabiwa." Ukikasirika umempa alichokuja kutafuta, na grafu imesahaulika. Vivyo hivyo "ndio wasomi wetu hawa". Hiyo haina jibu, iache ipite.

Akikutukana kabisa, mjibu mara moja kwa upole na namba, kisha uache. Mara hiyo moja humwandikii yeye. Unawaandikia wale wanaosoma kimya, ambao ni wengi kuliko wanaokomenti, na ambao hawajaamua. Wakikuta upande mmoja una hesabu na mwingine una matusi, wanajua pa kwenda bila wewe kuongeza neno. Na usikate skrinishoti ya mtu ukaipeleka kwingine achekwe. Kwenye makundi ya WhatsApp namba yake ya simu inaonekana wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haijaandikwa kwa ajili ya makampuni peke yake.

Na ikitokea yule usiyemjua ndiye aliye sahihi? Mshukuru kwa sauti ileile uliyotumia kubisha. Usiifute picha kimyakimya, kwa sababu "futa kwa wote" inafuta hapo tu, haiwafikii waliokwishaifowadi. WhatsApp ilipunguza kufowadi hadi chati tano kwa mara moja mwaka 2019, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabaki kwenda chati moja moja, lakini tano mara tano mara tano bado ni 125. Chukua picha ileile, andika juu yake "imerekebishwa" na tarehe, weka namba sahihi, uitume njia zilezile ulizotuma ya kwanza.

Zoezi

Mwaka 2005 Kikwete alipata kura 9,123,952, asilimia 80.28. Za 2010 na 2015 unazo hapo juu. Chora grafu mbili za miaka hiyo mitatu: moja ya asilimia, moja ya kura. Andika sentensi moja chini ya kila grafu, bila kutumia maneno "poromoka" wala "pendwa". Halafu mtafute mtu mmoja hapa chuoni ambaye unajua kabisa hampigii kura chama unachopigia wewe, umwombe akuonyeshe kasoro kabla hujaituma popote.